Kulegezwa masharti hakukutufikia wote siku moja

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema masharti ya korona yalipolegezwa hapa Tanzania Juni 2020, biashara ilirudi papo hapo. Kwa wanafunzi sawa: vyuo na kidato cha sita walianza Juni 1, shule nyingine Juni 29. Lakini sisi mama lishe tunaopika kando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida tunaishi kwa malori, na malori hayaendeshwi na tangazo la nchi moja. Rwanda ilikuwa imetaka madereva wa Tanzania wakabidhi magari mpakani Rusumo kwa madereva wa kule, Kenya nayo ikidai cheti cha kipimo. Wateja wangu wakalala foleni siku kadhaa, wakirudi hawana hata hela ya wali maharage, wananiomba niandike daftarini. Niliandika, ningefanyaje, ni watu ninaowalisha miaka yote! Ndoo ya maji na sabuni sikuiondoa, na mpaka leo ipo mlangoni. Nchi za Afrika Mashariki zingekubaliana cheti kimoja mapema, watu hawa wasingeteseka vile. Wenzangu wa Manyoni na Nzega, kwenu malori yalirudi lini?