Ukiona Seva Imenyamaza, Umepitiliza

Mtu wa Dar akikuelekeza kwake hakwambii njia tu. Anakwambia shuka kituoni, vuka barabara, fuata ukuta wa shule, ukiona mashine ya kusaga ujue umepitiliza, rudi. Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokikosa kwenye nyaraka nyingi za mitandao ya kompyuta za wingu, na kukosekana kwake kumewahi kunitoa kitandani.

Ilikuwa saa nne usiku, niko nyumbani, nimeingia kwenye seva ya ofisini kwa SSH, njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali. Tulikuwa tunafunga OpenStack, programu ya kujijengea wingu lako mwenyewe, nami nikafika kwenye Neutron, sehemu inayoshughulika na mtandao. Mwongozo niliokuwa nimeufungua, wa mtu tu mtandaoni, ulisema tengeneza daraja, yaani swichi ya mtandao iliyo ndani ya programu, liitwe br-ex kisha uliunganishe na kadi ya mtandao. Amri yenyewe mstari mmoja:

ovs-vsctl add-port br-ex eth0

Nikabandika, nikabonyeza Enter. Kimya. Nikadhani bando limekata. Naangalia salio, GB zipo. Najaribu kuingia upya, wapi.

Kadi ikishaingizwa kwenye daraja la Open vSwitch, programu ya swichi iliyo nyuma ya amri ile, anwani ya IP iliyokuwa juu yake haifanyi kazi tena. Inabidi ihamie kwenye daraja lenyewe. Na eth0 ndiyo kadi niliyoingilia. Nikapanda bodaboda, nikamwamsha mlinzi, nikamweleza habari za daraja, akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya kuiba kompyuta. Kuirudisha kadi kulichukua dakika tatu.

Mtaniambia kosa ni langu, ningesoma nyaraka rasmi. Nimezisoma baadaye, na ni kweli zinasema kadi ya upande wa nje isiwe na anwani ya IP. Sentensi ipo. Ila imekaa kwenye sura ya kuandaa mashine, na pale unapoitaja kadi hiyo kwenye usanidi wa Neutron ni sura nyingine kabisa. Nani anasoma mwongozo wa namna hii kutoka ukurasa wa kwanza? Tunatafuta Google, tunatua katikati, tunaanza kunakili. Kibao cha kuonya shimo kinawekwa kwenye shimo, hakiwekwi mwanzo wa mtaa.

Kisha majina. Mtandao ule ule wa ndani, anaojitengenezea mtumiaji, utaukuta unaitwa wa mpangaji, mahali pengine wa mradi, na kwenye mwongozo wa usakinishaji wa kujihudumia. Upande wa pili kuna mtandao wa mtoa huduma na kuna mtandao wa nje. Mara nyingi ni kitu kimoja, si lazima viwe kimoja, na msomaji mgeni anaachiwa agundue mwenyewe. Hata Neutron ilizaliwa kwa jina la Quantum, ikabadilishwa 2013 kwa sababu jina lilikuwa na mwenyewe. Hilo nawasamehe. La kumwacha mpangaji wakamweka mradi siwasamehe, maana lilikuwa jina zuri: mwenye nyumba ana geti na uwanja, mpangaji ana chumba na kufuli lake. Yeyote aliyewahi kupanga angeelewa.

Lakini ugonjwa unaonikera kuliko yote ni ule wa ping, kijiujumbe cha kuuliza kama mashine ipo, inapita na kazi haipiti. Mashine pepe, kompyuta ya ndani ya programu, imewaka, unai-ping, inajibu vizuri. Unaingia kwa SSH, inaganda. Au inakubali, halafu ukianza kupakua kitu inasimama palepale. Unalaumu ngome ya usalama, unalaumu DNS, unalaumu mtu wa zamu. Kumbe ni hesabu ndogo. VXLAN, njia ya kupitisha mtandao pepe juu ya mtandao halisi, inaifunga kila pakiti ya data ndani ya pakiti nyingine, na kifungashio hicho kinakula baiti 50. Kama waya wako unabeba pakiti ya baiti 1500, ya ndani inabaki na 1450. Ping ni kijibahasha, inapenya. Faili ni gunia, linakwama mlangoni.

Neutron ya siku hizi inaipiga hesabu hiyo yenyewe na kuiambia mashine pepe kupitia DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. Sawa. Sasa washa Docker, programu ya kuendesha makontena, ndani ya mashine hiyo: daraja lake linaanza na 1500 kama kawaida yake, na ugonjwa umerudi umevaa shati jingine. Ukitafuta MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, utapata maelezo mazuri tu ya MTU. Lakini mtu aliyekwama hajui kwamba anatafuta MTU. Anachokijua ni kwamba ping inapita na SSH inaganda. Yaandikwe hayo hayo, kwa maneno yake, kwenye kichwa cha ukurasa.

Tangu 2017 nyaraka nyingi za OpenStack zilihamishiwa kwenye hazina ya kila mradi, karibu na msimbo wenyewe. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu anayebadilisha kitu ndiye anayepaswa kubadilisha maelezo yake. Tatizo ni kwamba mwenye msimbo hiyo njia anaipita akiwa amefumba macho. Kona zake hazioni tena hata moja. Anayeziona ni aliyejikwaa jana, na huyo akishainuka anajipangusa vumbi na kuendelea na safari. Mimi pia nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa kabla ya kuandika chochote.

Mwongozo wetu wa ndani sasa una mstari juu ya ile amri: kama umeingilia kadi hii, utakatika hapa, nenda kakae mbele ya mashine. Nilijiona nimemaliza kazi. Wiki iliyopita binti aliyeanza kazi kwetu akaufuata hadi hatua ya sita, akasimama, akaja mezani kwangu.

"Kaka, hapa mmeandika eth0. Yangu inaonyesha eno1 na eno2. Ni ipi?"

Nikavuta kiti, tukaanza kuiandika upya hatua ya sita.