Chupa ndani ya zege: tunajenga au tunaficha taka?

Fundi mmoja wa matofali alinionyesha tofali alilolifyatua kwa saruji, mchanga na vipande vya chupa za maji alivyovikatakata kwa panga. Kwa macho halikuwa na kasoro. Akalipiga nyundo, likapasuka katikati, na pale lilipopasukia ukaweza kuchomoa vipande vya chupa kwa ukucha. Vilitoka visafi, vikaacha vishimo laini kama ndani ya kikombe. Saruji haikuwa imevishika hata kidogo.

Ubishi wote kuhusu plastiki na zege umo ndani ya kishimo kile. Ila kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Kuna tofali la plastiki: taka zinayeyushwa, zinachanganywa na mchanga na kugandamizwa kwenye kalibu, na saruji haimo kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya kampuni ya Gjenge Makers ya Nairobi, ambayo mwanzilishi wake, Nzambi Matee, alitunukiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2020. Humo plastiki ndiyo gundi. Halafu kuna zege lenye plastiki: saruji ni ileile, ila sehemu ya mchanga au kokoto imepunguzwa ikawekwa plastiki iliyosagwa. Sifa za la kwanza haziwezi kubebeshwa la pili, hata kama picha zinazosambaa mitandaoni ni zilezile.

Wanaolitetea hili la pili hawabahatishi. Mchanga tunauchimba mitoni mpaka kingo zinaporomoka. Plastiki ya chupa ina karibu nusu ya uzito wa mchanga wa ujazo huohuo, kwa hiyo tofali linakuwa jepesi, na joto la nje haliliingii upesi. Tena plastiki si ngeni kwenye zege. Wajenzi wa mahandaki huweka makusudi nyuzi nyembamba za polipropilini. Handaki likishika moto, maji yaliyomo ndani ya zege hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hulipasua zege kwa kishindo. Nyuzi zile huyeyuka kwenye sentigredi 160 hivi, zikaacha vijia ambamo mvuke unapumulia. Yaani kuyeyuka, kasoro tunayoiogopa, ndiko kunakookoa ukuta. Lakini nyuzi hizo hutoka kiwandani zikiwa za unene mmoja. Haziokotwi jalalani.

Taka yenyewe ina tabia nyingine. Saruji hupenda jiwe lenye mikwaruzo, linalokubali maji. Chupa ni laini na maji huikimbia. Isitoshe, mzigo ukija, jiwe hukaza na plastiki hubonyea. Ndiyo maana mara nyingi maabara zinapovunja vibonge vya majaribio baada ya siku 28, matokeo yanafanana: ukiondoa asilimia 5 hadi 10 ya mchanga, nguvu inapungua kwa kiasi cha kuvumilika, ukipita 20 inashuka vibaya. Mwaka 2017 wanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walipiga vipande vya chupa mionzi ya gama, wakavisaga unga, na wakapata mchanganyiko imara kuliko wa kawaida. Kazi nzuri, ila sijaona fundi wa mtaani mwenye mionzi ya gama. Fundi ninayemjua anapima kwa ndoo na karai, na zege likiwa zito anaongeza maji. Ukimpa na plastiki, hiyo asilimia 5 nani ataisimamia?

Tupige na hesabu. Meta moja ya ujazo ya zege hula kama kilo 700 za mchanga. Ukiondoa asilimia 5 ya ujazo wa mchanga huo, plastiki itakayoingia ni kilo 18 hivi, sawa na chupa elfu moja na kitu za nusu lita. Si haba kwa msingi wa nyumba moja. Lakini mfuko wa saruji haujapungua, na saruji ndiyo inayotoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayozalishwa na binadamu duniani. Nguvu ikishuka, mjenzi ataongeza saruji ili kuirudisha, na hapo mazingira yamepata hasara kwa jina la kuokolewa. Hoja hii naiona nzito kuliko zote, na watetezi huigusia kwa nadra.

Halafu, kwa nini chupa? Chupa ina mnunuzi, inapimwa kwa kilo na kurudi kiwandani. Ikishazikwa kwenye zege, safari yake imekwisha, na siku ukuta utakapobomolewa kifusi chake kitasumbua kukitumia tena. Kama ni lazima kuweka plastiki, afadhali vipakiti vya tabaka tabaka ambavyo hakuna anayevitaka. Hivyo, ndani ya zege, angalau havifiki baharini.

Mimi ningeiruhusu kwenye kuta za uzio na kingo za bustani. Kwenye nguzo, boriti na slabu, hapana. Njia za watembea kwa miguu zinanitia shaka kidogo, maana soli za viatu husugua, na vumbi la plastiki litakwenda na mvua.

Fundi wangu aliacha. Chupa zilizobaki aliziuza kwa kilo, na matofali yale alijengea banda la kuku. Lipo mpaka leo.