Bwawani kuna haki ya saa, besiboli kuna haki ya mshahara

Jumanne, tarehe 28 Oktoba 2025, mpwa wangu aliingia sebuleni kwangu Tudor, Mombasa, akanikuta na simu mkononi, macho mekundu kama ya mvuvi aliyekesha. Saa nne asubuhi ilikuwa imekaribia. Mechi ya tatu ya fainali ya besiboli ya Marekani, Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays, nilianza kuitazama saa tisa usiku. Mechi ya kawaida huwa na awamu tisa, na hii ilikuwa imefika ya kumi na nane.

"Mjomba, ni ile ile ya usiku?"

Nikamwambia ni ile ile. Akakaa kando yangu, na haukupita muda Freddie Freeman akaupiga mpira ukavuka ukuta wa katikati. Dodgers wakashinda 6-5. Kijana hakuona cha kushangilia. "Karibu saa saba zote hizo," akasema, "na bado mtabishana nani alistahili. Sisi ni dakika moja, na saa haibishani na mtu."

Ana miaka kumi na mitano, anaogelea mita 100 mtindo wa kipepeo. Mimi nimekuwa shabiki wa michezo yote miwili kwa miaka mingi, na maneno yake yamenikaa. Nataka kuyapima kwa haki, maana anachosema kina ukweli mkubwa ndani yake.

Nianze na upande wake. Usiku wa tarehe 31 Julai 2024, mjini Paris, Léon Marchand wa Ufaransa alishinda mita 200 za kipepeo, akapumzika kidogo, na baada ya saa mbili hivi akarudi akashinda mita 200 za mtindo wa chura. Kila kichwa chake kilipochomoza juu ya maji, ukumbi mzima ulipiga ukelele mmoja, kichwa kikizama, kimya, kikichomoza, ukelele. Usiku huo huo Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 huru kwa sekunde 46.40, rekodi ya dunia. Hakuna mwamuzi aliyetakiwa kueleza lolote. Ubao uliwaka, na mambo yakaisha. Mtoto wa Mombasa akiogelea mita 100 leo, mita zake ni zile zile za Pan, na hahitaji wakala wala kocha wa kumsifia ili namba yake iaminike.

Wakenya tuna ushahidi wetu. Beijing mwaka 2008, Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea mchujo wa kipepeo mita 100 kwa sekunde 51.14. Ikawa rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi, kabla ya Milorad Čavić wa Serbia kuivunja katika michujo hiyo hiyo. Kwenye fainali Dunford akamaliza wa tano. Miaka minane baadaye, Rio, watu watatu waligusa ukuta pamoja katika nafasi ya pili ya mbio hizo hizo: Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria. Wote watatu walipewa medali ya fedha. Muda wao ulikuwa 51.14, namba ile ile ya Mkenya.

Mpwa wangu hupenda sana kisa hicho. Lakini ndani yake ndimo ninapoanza kutofautiana naye. Mwaka 2008 ulikuwa mwaka wa zile nguo mpya zilizombana muogeleaji na kumpunguzia mkwaruzo wa maji. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Roma, nguo zikawa za plastiki kabisa na rekodi 43 za dunia zikavunjwa kwa siku chache. Zikapigwa marufuku kuanzia Januari 2010, lakini rekodi zikaachwa vitabuni. Paul Biedermann wa Ujerumani aliogelea mita 400 huru kwa 3:40.07 huko Roma, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka Aprili 2025, Lukas Märtens alipofika kwa 3:39.96. Kwa karibu miaka kumi na sita waogeleaji wa nguo za kawaida walikuwa wakishindana na nguo iliyokatazwa. Saa haikudanganya. Ilipima mtu na alichovaa, ikatoa namba moja.

Tena saa huanza kuhesabu mtu akiwa tayari juu ya jukwaa la kuruka. Alifikaje pale, haiulizi. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alifika Sydney mwaka 2000 akiwa amefanyia mazoezi bwawa dogo la hoteli, akaogelea mita 100 kwa 1:52.72 huku dunia ikitazama. Hapa Mombasa tumezungukwa na maji pande zote, vijana wanajitosa baharini pale Mama Ngina tangu hawajaota meno ya pili, lakini mawimbi hayana ukuta wa kugeuzia wala mstari wa kufuata. Mpwa wangu hufanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli moja, mita 25, tunalipia kwa saa. Wageni wakijaa, vijana huambiwa watoke majini hata kama saa yao haijaisha. Nimeshasimama pale kandokando na kumwona akitoka na midomo ikitetemeka, mazoezi yamekatwa katikati, na pesa hairudishwi. Hilo nalo limo kwenye muda wake anapopiga mbizi kwenye mashindano, ila halionekani ubaoni.

Kuna na suala la dawa. Januari 2021 waogeleaji 23 wa China walipatikana na dawa ya moyo iliyokatazwa. Wakaachiliwa kwa maelezo kwamba chakula cha jikoni hotelini kilichafuliwa, na dunia ikaja kujua Aprili 2024. Sina uwezo wa kuwahukumu, na sijaribu. Ninachojua ni kwamba miaka mitatu ya siri iliwatia doa hata wasio na kosa, na walioshindwa nao wakabaki na swali lisilojibika.

Sasa besiboli. Aliyecheza raunda shule ya msingi ameshaelewa nusu yake: mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, kisha anakimbilia vituo. Kinachonivuta mimi ni jinsi mchezo huu unavyomvumilia anayekosea. Mpigaji akifanikiwa mara tatu katika kumi, huyo ni nyota. Katika ligi mbili kuu za leo, American na National, wa mwisho kufikisha mara nne katika kumi kwa msimu mzima ni Ted Williams, mwaka 1941. Msimu una mechi 162, ukivurunda leo kesho umo uwanjani tena. Mlinganishe na Adam Peaty wa Uingereza, aliyekuwa akisaka dhahabu ya tatu mfululizo ya mtindo wa chura Paris. Aligusa kwa 59.05, Nicolò Martinenghi wa Italia 59.03. Siku iliyofuata akapimwa akakutwa na korona. Miaka mitatu ya kazi, tofauti ni sehemu mbili za mia za sekunde, na kesho yake iko miaka minne mbele.

Usiku ule wa awamu kumi na nane, Dodgers walishatumia warushaji tisa. Wa kumi na wa mwisho alikuwa Will Klein, ambaye jina lake sikulijua mpaka alipoingia. Akarusha mipira 72 kwa awamu nne na hakuruhusu hata pointi moja. Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers, yuko pale na mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka kumi, lakini aliyeibeba timu mpaka Freeman akaimaliza ni Klein. Kuogelea hakuna nafasi ya mtu kama huyo. Bwawani wa kumi anatazama fainali akiwa jukwaa la watazamaji.

Sitaki kuipamba besiboli. Hakuna kikomo cha lazima cha mishahara, na wenye nacho huzoa: Dodgers walitwaa ubingwa 2024 na 2025, wakati Chicago White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162 mwaka 2024. Houston Astros walishinda ubingwa wa 2017 wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera na kupiga pipa la taka ili mpigaji ajue mpira gani unakuja. Klabu ilipigwa faini ya dola milioni tano, meneja akasimamishwa, lakini hakuna mchezaji aliyeadhibiwa na ubingwa haukuchukuliwa. Hilo linanikera mpaka leo. Bwawani wangenyang'anywa medali. Na njia ya kupanda ni ndefu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alilelewa kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Alisaini na klabu ya Pittsburgh mwaka 2008, akafika ligi kuu Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko. Miaka tisa madaraja ya chini, ambako malipo yalikuwa duni mno hata wachezaji wakaingia kwenye chama mwaka 2022.

Neno hilo, chama, ndilo linalonifanya nisimame upande ninaosimama. Mwaka 1969 mchezaji Curt Flood aliuzwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia bila kuulizwa, akakataa, akashtaki. Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia mwaka 1972, kura tano kwa tatu, na yeye alikuwa ameshaacha kucheza. Lakini chama cha wachezaji kilichokuwa nyuma yake, chini ya Marvin Miller tangu 1966, kiliendelea, na mwisho wa 1975 msuluhishi akawafungulia wachezaji mlango wa kuhama. Mshahara wa chini ulikuwa dola 6,000 Miller alipoingia. Mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000.

Muogeleaji aliyeshinda dhahabu mwaka huo kwenye mashindano ya dunia ya bwawa la mita 50 alipewa dola 20,000. Ili amfikie mchezaji wa benchi wa besiboli anahitaji dhahabu 38. Phelps, ambaye hatujaona mwenzake, alishinda 26 za mashindano hayo maisha yake yote. Desemba 2018 waogeleaji walitaka kushiriki shindano huru Turin, shirikisho la dunia likatishia kuwafungia, shindano likafutwa. Katinka Hosszú, Tom Shields na Michael Andrew wakaenda mahakamani, na shirikisho likalegeza kamba. Ligi mpya ya kulipwa ikaanza 2019, mfadhili wake mkuu akiwa mmoja. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 ligi ikasimama, na waogeleaji wengine wakalalamika kwamba hawajalipwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito: besiboli inauza mechi kila siku kwa nusu mwaka, na sisi mashabiki wa kuogelea hujitokeza Olimpiki ikifika. Pesa haitoki hewani. Tena vyuo vya Marekani huwalipia wengi masomo, na Dunford mwenyewe alisoma Stanford. Lakini hata Flood aliambiwa mchezo ungekufa wachezaji wakiachiwa huru, na haukufa. Waogeleaji hawajakosa saa ya kweli wala vipaji. Wamekosa mtu wa kukaa mezani kwa niaba yao.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote palepale sebuleni, chai ikipoa. Akauliza, "Kwa hiyo Klein hata asipochezeshwa analipwa?" Nikamwambia analipwa. Akauliza Dunford alilipwa na nani. Nikamwambia kuhusu Stanford, akatikisa kichwa polepole. Saa tano alikuwa na zamu yake bwawani, ile tuliyoilipia. Akachukua taulo lake akaondoka haraka, awahi kabla wageni hawajashuka kutoka vyumbani.