Tofauti yetu na Wamarekani ni bunduki, si maadili

Ndugu zangu wa nyumbani wana jibu moja kwa kila mauaji ya halaiki yanayotokea Marekani: Wazungu wamemwacha Mungu, hawana familia, watoto wanalelewa na simu. Iwe shuleni, kanisani au dukani, jibu ni lilelile, na kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp hufuatiwa na sauti ndefu ya mjomba akituhimiza sisi tulio huku turudi kabla hatujaharibika. Mimi naishi jimbo la Maine, na kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa wa akili katika nyumba wanamoishi pamoja. Kwa heshima zote, naomba nimpinge mjomba.

Jumatano ya tarehe 25 Oktoba 2023, jioni, mwanamume wa miaka 40 aliingia kwenye ukumbi wa bolingi mjini Lewiston, hapa Maine, akafyatua risasi. Kisha akaendesha gari hadi kwenye baa moja upande mwingine wa mji, akaendelea. Watu 18 walikufa na 13 walijeruhiwa. Wanne kati ya waliokufa walikuwa viziwi, waliokuwa pale baa na wenzao wakicheza mchezo wa kurusha vifuko.

Lewiston si mji mkubwa. Lakini ukipita katikati ya mji leo utasikia Kisomali, Kirundi, Kireno cha Waangola na Kiswahili cha Kongo. Wengi wamefika pale wakikimbia risasi. Kwa siku mbili tuliamriwa tusitoke nje, na taarifa nyingi zilikuja kwa Kiingereza kwanza. Basi kina mama wa Bukavu na Uvira wakawa wanapigiana simu kuulizana kama anayesakwa ni mtu mmoja au kundi, maana kwao wenye bunduki huja kwa makundi. Kuna mama mmoja nilimweleza mara mbili kwamba ni mtu mmoja tu, peke yake, hana jeshi nyuma yake. Akaniuliza, "Sasa anataka nini?" Sikuwa na la kumjibu. Tarehe 27 usiku ikatangazwa kwamba mwili wake umepatikana mji jirani wa Lisbon, amejipiga risasi.

Sasa hapa ndipo ninapomtaka mjomba anisikilize, kwa sababu habari ya yule mtu inaangusha hoja yake yote.

Alikuwa askari wa akiba wa jeshi la nchi kavu, aliyeshinda miaka mingi kwenye uwanja wa kufundishia vijana kurusha mabomu ya mkono. Mwaka ule wa 2023 akaanza kusikia watu wakimsengenya ambao hawakuwepo. Mwezi Mei mwanawe na mtalaka wake walikwenda kusema kwa polisi: mzee anasikia sauti, na bunduki zake alizokuwa ameziweka kwa kaka yake amezichukua zote. Julai, akiwa mazoezini New York, wakubwa wake waliona hali imekuwa mbaya, akapelekwa hospitali, akalazwa wodi ya akili kama wiki mbili. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amenunua, kihalali kabisa, bunduki ile aliyokuja kuitumia Oktoba.

Agosti alikwenda duka la bunduki kuchukua kizuia sauti cha bunduki alichokuwa ameagiza. Fomu ikamuuliza kama amewahi kulazwa kwa maradhi ya akili, naye akajibu ndiyo. Muuzaji akakataa kumpa. Akanyimwa kizuia sauti, akarudi nyumbani kwenye bunduki zake.

Septemba, rafiki yake wa jeshini alimwandikia mkubwa wao ujumbe wa simu kwamba anaamini jamaa atalipuka na kuua watu wengi. Polisi wa kaunti akatumwa. Akagonga mlango, haukufunguliwa, akaondoka. Kaunti ikaachia familia na jeshi washughulikie habari ya bunduki. Tume huru iliyochunguza baadaye ilisema wazi kwamba polisi wale walikuwa na sababu za kutosha kumchukua na kuanza utaratibu wa kumnyang'anya silaha, na kwamba jeshi nalo lilizembea.

Mjomba, niambie, familia iliyokosekana hapo ni ipi? Mtoto alisema. Mtalaka alisema, ambaye kwa desturi zetu asingekuwa na sababu ya kujali tena. Kaka alihusishwa. Rafiki alisema, tena kwa maneno yaliyonyooka. Nimewaona watu wa kwetu wakimkimbia ndugu mgonjwa kwa hofu ya aibu kuliko hao. Kilichowashinda hakikuwa mapenzi. Kilichowashinda ni chuma kilichokuwa ndani ya nyumba ya mtu mzima mwenye haki ya kikatiba ya kukimiliki.

Nyumbani Tanga, mtaani kwetu Ngamiani, kulikuwa na kaka mmoja fundi cherehani, mpole, mtu wa utani. Ugonjwa ulipompanda alianza kuamini majirani wanamtilia sumu kwenye bomba la maji. Siku moja akatoka na panga. Nakumbuka kina mama wakivuta watoto ndani, na nakumbuka muuza kahawa alivyomrushia dele la moto miguuni ili apunguze mwendo. Alimkata mtu mmoja mkononi kabla vijana hawajamkamata na kumfunga kamba. Mtu yule aliyekatwa yupo hadi leo, anauza mbao, kovu lake anawaonyesha wateja. Kaka wa watu akapelekwa kwa mganga, akafungwa mnyororo uani kwao muda ambao sipendi kuukumbuka, mwishowe shangazi yake akampandisha Lutindi, ile hospitali ya Walutheri kule milimani Korogwe, akapewa dawa akatulia. Cherehani yake ikarudi barazani.

Ugonjwa wake na wa yule wa Lewiston, kwa jicho langu la kazi, ulifanana sana: sauti, hofu ya kusengenywa, uhakika kwamba watu wanamdhuru. Mmoja alikuwa na panga na barabara yenye watu. Mwingine alikuwa na bunduki inayojikoki yenyewe kila unapofyatua. Kovu moja, makaburi 18. Mtu akiniambia kwamba tofauti hiyo imeletwa na malezi, namwomba anionyeshe malezi yalifanya kazi gani pale Ngamiani zaidi ya lile dele la kahawa.

Wala sisi hatuna sifa ya kujivunia katika kuwatunza wagonjwa hawa. Huko kwetu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo Dodoma tangu enzi za Mwingereza, imekuwa tusi: ukibishana na mtu kijiweni anakwambia umetoroka Mirembe. Mtu aliyejaribu kujiua akanusurika, sheria ya Tanzania bado inamwona mkosaji. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba. Wagonjwa wetu wengi hawajawahi kuonana na daktari wa akili hata mmoja. Wameonana na minyororo na mafuta ya upako. Kama ugonjwa wa akili usiotibiwa ndio unaozaa mauaji ya halaiki, basi Dar es Salaam na Mombasa zingekuwa zimekwisha.

Na pale bunduki zilipo kwetu, yanatokea haya haya. Desemba 2021 huko Kabete, Nairobi, askari polisi alimuua mkewe kwa bunduki ya kazi, akatoka nje akaua watu wengine barabarani, kisha akajimaliza. Mei 2023 nchini Uganda, naibu waziri Charles Engola aliuawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi. Hao si vijana waliolelewa na simu za Wazungu. Ni watu wetu, waliopewa chuma na serikali, na hakuna aliyekuwa anawauliza usiku wanalalaje. Raia wa kawaida kwetu akitaka bastola ataanzia serikali ya mtaa, apite kwenye kamati za ulinzi na usalama na polisi, achunguzwe, asubiri, na wengi hukata tamaa njiani. Urasimu ule tunaoulaani kila siku, hapo umetufaa. Nasikia siku hizi wafanyabiashara wakidai mlolongo upunguzwe ili wajilinde na majambazi. Mimi ninayekaa kwenye nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu nawaomba waache mlolongo kama ulivyo.

Huku nako kuna kisingizio kinachonikera kuliko cha mjomba. Damu haijakauka, mwanasiasa anasimama mbele ya kamera na kusema tatizo si bunduki, tatizo ni afya ya akili. Mimi siku hiyohiyo naingia zamu. Nawapa dawa watu ambao jirani zao wameshaanza kuwatazama kwa chini. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye nyumba yetu ya wagonjwa, mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, shughuli yake ni kuunganisha vipande vya picha mezani na kulalamikia kahawa yetu. Asubuhi moja baada ya mauaji ya Lewiston akaniuliza kama polisi watakuja kumchukua na yeye. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyeutafiti uhusiano huu kwa miaka mingi, amekuwa akieleza kwamba hata maradhi makubwa ya akili yangeponywa yote leo, ukatili wa Marekani ungepungua kwa kama asilimia 4 tu. Wagonjwa wangu wanaumizwa na watu mara nyingi kuliko wao wanavyoumiza.

Isitoshe, wanaosema "afya ya akili" hawaitolei hela. Maine ilikuwa na hospitali kubwa ya akili mji mkuu, Augusta. Wagonjwa walikufa humo kwenye joto la kiangazi cha 1988, jimbo likashtakiwa, na mwaka 1990 likasaini makubaliano mahakamani kwamba watu watahudumiwa vizuri mitaani kwao. Hospitali ile ikafungwa 2004, ikajengwa ndogo. Hizo huduma za mitaani ndizo zimeniajiri mimi, kwa mshahara ambao kijana wa Maine haukubali, ndiyo maana zamu zetu za usiku zimejaa Wakongo, Warundi na sisi wa pwani. Mgonjwa akizidiwa tunampeleka dharura, na anaweza kukaa kwenye kitanda cha magurudumu kwa siku kadhaa akisubiri nafasi ya wodi, mlinzi amekaa mlangoni. Wanasiasa walewale wa kamera siwaoni kwenye korido hiyo.

Haya, sheria. Maine ilikuwa na kitu wanachokiita bendera ya njano: polisi lazima kwanza amshike mtu, apelekwe kwa mtaalamu wa afya apimwe, ndipo jaji aamue kama silaha zichukuliwe. Mlango wa yule mtu haukufunguliwa, basi hatua ya kwanza tu ikakwama. Majimbo mengine kadhaa yana bendera nyekundu, ambapo familia yenyewe inaweza kwenda kwa jaji. Florida, jimbo lenye mapenzi makubwa na bunduki, ilipitisha ya kwake mwaka 2018 baada ya watu 17 kuuawa shule ya Parkland, na gavana aliyeisaini alikuwa Mrepublikani, wa chama kinachojulikana kwa kutetea bunduki. Gavana wetu wa Maine, Janet Mills, ambaye ni Mdemokrati, wa chama cha upande wa pili, alipinga kuletwa kwa bendera nyekundu hapa. Alisema ya njano inatosha ikitumiwa vizuri. Suala likaenda kwa wananchi Novemba 2025, na wengi wakapiga kura ya ndiyo. Mimi nilipiga ndiyo bila kusitasita.

Mwenzangu wa zamu alipiga hapana. Ni mzawa wa huku, mwindaji, baba yake mwindaji, babu yake mwindaji. Siku zile za msako, uwindaji wa paa ulizuiwa kwenye miji ya karibu na ulikuwa ndio kwanza unafunguliwa, naye ndiye aliyenieleza kwa nini: mtu aliyevaa nguo za porini na bunduki begani angeweza kupigwa na polisi kwa kudhaniwa. Si mtu mbaya. Anapika vizuri, na wagonjwa wanampenda kuliko mimi. Hofu yake ni kwamba mwanajeshi mstaafu akijua atanyang'anywa bunduki, hatathubutu kwenda hospitali kusema analia usiku. Hoja hiyo siidharau. Hapa Maine bunduki inaua wanaojiua wengi zaidi kuliko wanaouawa, na wengi wao ni wanaume wa aina hiyo hasa.

Lakini yeye huyohuyo amenisimulia kwamba miaka michache nyuma shemeji yake aliachishwa kazi, akazama kwenye pombe na ukimya. Dada yake alipiga simu usiku. Akaendesha gari, akafungua kabati, akapakia bunduki zote kwenye gari lake na kuzifungia kwake mpaka shemeji alipotengemaa, karibu mwaka mzima. Shemeji alikubali mwenyewe, akamsaidia hata kubeba.

Nikamuuliza: na angekataa je?

Akafikiri kidogo, akasema angezichukua tu. Nikamwambia sheria aliyoipigia kura ya hapana inafanya jambo hilohilo, ila yenyewe inaitaka familia ipite kwa jaji kwanza. Akacheka, akasema jaji hamjui shemeji yake.