Perege waliodumaa Nyanda za Juu: kosa la mbegu au la bwawa?

Msimu wa kuvua mabwawa ukifika Njombe, Mufindi au Mbozi, lawama huwa zilezile: samaki hawazidi kiganja cha mkono. Mfugaji anasema aliuziwa mbegu mbovu. Afisa uvuvi anamwambia maji yake ni ya baridi. Muuza vifaranga naye ana jibu tayari: nunua mbegu iliyoboreshwa, madume matupu.

Wanaoilaumu mbegu wana hoja. Kazi ya kuchagua sato, mmoja wa jamii ya perege, wanaokua haraka ilianza Ufilipino mwaka 1988, na kila kizazi kiliongeza ukuaji kwa takribani asilimia 10 hadi 15. Hilo ni la kurithi, si la chakula. Huku kwetu tunafanya kinyume chake bila kukusudia. Vifaranga vinaombwa kwa jirani, ndugu wanazaana na ndugu, na kila tunapovua tunakula wakubwa na kuwarudisha wadogo majini. Wanaobaki kuwa wazazi ni wale tuliowakataa mezani.

Lakini mbegu hiyohiyo iweke Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, kisha uiweke Uwemba, huko Njombe, kwenye jalidi ya Julai. Perege hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30 hivi. Chini ya 20 anakula kidogo, kwenye 16 anakaribia kuacha kabisa. Damu yake hufuata joto la maji, kwa hiyo pumba unazomwagia asubuhi ya baridi zinaoza tu chini.

Mazingira hayaishii kwenye baridi. Mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe-McConnell, aliyeanza kuchunguza perege wa Ziwa Nyasa mwaka 1945, alieleza baadaye kwamba sato wa maji makubwa hukomaa wakiwa na miili mikubwa, ilhali wenzao wa aina ileile kwenye vidimbwi huanza kuzaa wangali wadogo. Samaki akibanwa, nguvu anazipeleka kwenye mayai badala ya nyama. Jike hulea mayai mdomoni na siku hizo hali kitu, halafu watoto wanajaa bwawani na kugombea chakula kilekile. Huyo hajaharibika, anafanya kile ambacho mahali finyu panamtaka afanye.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, mpasue samaki jike. Ukimkuta mdogo lakini tumbo limejaa mayai, tatizo lako ni msongamano, na hapo madume matupu yatakusaidia kweli. Ukimkuta mdogo, hana mayai, na ana miezi mingi bwawani, shaka ya kwanza iwe baridi, kwa sababu perege hazai kwenye maji ya chini ya nyuzi 20 hivi. Huyo ukimbadilisha kwa mbegu ya bei mbaya, umenunua dume ghali litakalotetemeka vilevile.

Kuna jambo wauzaji hawapendi kulitaja. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba sato, ambaye si mwenyeji wa Ziwa Nyasa, ameshaingia kwenye maji yanayomwagika ziwani humo. Sato huzaana na perege wengine wa jamii yake, na bwawa lililo bondeni likifurika masika, samaki hawasubiri kibali. Mbegu bora ya mtu mmoja inaweza kuwa hasara kwa wavuvi wa ziwa zima.

Mimi naegemea upande wa bwawa, kwa sababu ya gharama zaidi ya kanuni. Mabwawa mengi ya milimani yamechimbwa ili kijito kipite mchana na usiku. Watu wanadhani maji yanayotembea ndiyo safi. Maji hayo yanaleta baridi mpya kila saa na kuondoka na mbolea ya samadi ambayo ingeotesha chakula cha kijani. Kufunga mlango wa maji, ukabaki unafidia yanayovuja na kukauka tu, hakuna gharama. Ukate na miti inayotia kivuli bwawani.

Baada ya hapo, mbegu iliyochaguliwa itakuwa na maana, nami nitakuwa wa kwanza kuisifu. Ila muuzaji aulizwe swali moja: wazazi wa vifaranga hivi walichaguliwa kwenye maji ya joto gani? Akijibu Dar es Salaam au Mwanza, mfugaji wa Makete afunge pochi kwanza.