Gari la Kuvuta Boti Malindi: Dizeli, Petroli au Haibridi?

Upepo wa kusi ukianza, boti nyingi hapa Malindi hupandishwa pwani zikatengenezwe. Mpwa wangu anayo moja ya faiba. Pamoja na mashine na trela lake inakaribia tani moja na nusu. Anataka gari. "Mjomba, lipi litanifaa?" aliniuliza, nami sikuweza kumjibu kwa neno moja.

Mwaka jana nilikuwepo pikapu ya petroli ikijaribu kuitoa boti hiyo majini. Dereva alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakajichimbia mchangani mpaka ekseli. Ikaletwa Land Cruiser kuukuu ya dizeli. Kamba ikakaza, trela likatoka polepole, likichuruzika maji. Haki isemwe: Land Cruiser ile ilizungusha magurudumu yote manne, na mchangani hilo ndilo lililoamua zaidi. Lakini injini nayo ina lake. Dizeli hushindilia hewa hadi joto lake liwashe mafuta bila plagi, na hutoa nguvu nyingi ya kuvuta ikiwa bado inazunguka taratibu. Petroli mpaka izunguke mbio.

Gharama ya dizeli ni pampu na nozo zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, ambazo hazisamehi mafuta machafu. Tatizo la kuchanganya dizeli na mafuta ya taa lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kulizuia. Kuna moshi pia. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka miongoni mwa visababishi vya saratani, na hapa watoto hucheza kando ya barabara. Hilo linanisumbua kuliko bei.

Haibridi, yaani gari lenye injini pamoja na mota ya umeme, hudharauliwa kwa kuwa tumezoea zile ndogo kama Toyota Aqua, ambayo kweli haikuundwa kuvuta trela. Ila mota ya umeme hutoa nguvu tangu gari linapong'oka, na Ford F-150 ya haibridi iliyotoka na modeli ya 2021 inaruhusiwa kuvuta zaidi ya tani 5. Hapa Malindi, lakini, fundi wake tutamtoa wapi? Tena faida ya haibridi iko mjini, kati ya tuktuk, ambako kila breki hurudisha umeme kwenye betri. Barabara ya Mombasa ni kama kilomita 120 za mwendo mfululizo. Na mzigo nyuma, kazi karibu yote hubaki kwa injini.

Sasa, boti ya mpwa wangu huvutwa mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote gari litasambaza samaki mahotelini, simama-ondoka. Ningekuwa yeye ningenunua haibridi ndogo, na siku za boti nikakodi Land Cruiser. Angevuta mizigo kila wiki, ningemwambia dizeli bila kusita.

Yeye moyo wake uko kwenye dizeli. Jumamosi tunakwenda kuangalia moja, na tumekubaliana fundi azifungue nozo kwanza kabla mpwa wangu hajatoa hata shilingi.