Ushairi na Nyumba Yake Dar es Salaam

Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alikuwa mshairi, na kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kingali kinatajwa kila vina (silabi zinazofanana sauti) na mizani (hesabu ya silabi katika mstari) vinapobishaniwa. Leo jina lake lipo katika uwanja wa mpira jijini Arusha. Katika jiji aliloliongoza, anayetaka kusikia shairi likighaniwa hajui abishe hodi wapi, na ndiyo maana hoja ya kuanzisha kituo cha umma cha ushairi yafaa ipimwe kwa utulivu.

Wanaoipinga wana yao ya kusema. Fedha za umma ni chache na shule zina mahitaji mengi. Tena ushairi wetu ulilelewa misikitini, maharusini, redioni na katika kurasa za magazeti tangu enzi za Mambo Leo, bila kungoja jengo. Wapo pia wanaouogopa mkono wa serikali, wakikumbuka jinsi washairi walivyohimizwa kulieneza Azimio la Arusha la 1967, na ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, za Mathias Mnyampala zilivyoingia mashuleni kwa kazi hiyo. Hofu hiyo naiheshimu, na kwa ajili yake uendeshaji wa kituo ungepaswa kuwa mikononi mwa malenga, mbali na ofisi inayotoa fedha.

Hata hivyo, wengi wanaopinga hudhani kinachoombwa ni ghala la vitabu. Vitabu vina pa kukaa: Maktaba Kuu ipo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetunza miswada ya kale ya tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kinachokosa makao ni mahadhi. Amri Abedi mwenyewe alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Mshororo wa mizani 16 hukatwa nane kwa nane, kina cha kati kikimpa mghani mahali pa kutua pumzi, ilhali utenzi wa mizani nane huenda kwa mwendo wake mwingine. Ukurasa huonyesha kina, lakini hauonyeshi sauti inapanda wapi, inavutwa kwa muda gani, inashuka vipi kwenye kibwagizo. Mwanafunzi wa sekondari anayehesabu mizani kwa vidole ili ajibu mtihani, naye hajapata kusikia tarbia, shairi la mishororo minne katika kila ubeti, ikighaniwa, ameonyeshwa mifupa tu. Na mghani mkongwe asiyerekodiwa akifariki, hakuna mswada utakaotueleza alivyokuwa akiighani.

Kwa hiyo sioni haja ya kuanza na jengo jipya. Chumba kimoja ndani ya Maktaba Kuu, vinasa sauti vizuri, mtumishi anayejua kumsikiliza mzee bila kumharakisha, na alasiri moja kila juma ambapo malenga wa Temeke, Kariakoo au Kigamboni wataghani mbele ya wanafunzi, vingetosha kwa miaka ya mwanzo. Nauli ya wazee hao iwe ya kwanza katika bajeti.